Hakuna Anayempinga Mfiwa

Mume wangu Saadi alifariki mwezi wa saba, na tangu hapo hakuna mtu aliyenipinga. Najua ni malalamiko ya ajabu. Wanawake wengine wa mtaani kwetu Levolosi wakikaa eda hulalamikia baridi, au mawifi, au wageni wasiojua kuaga. Mimi sikulalamikia chochote kwa sababu sikuwa nasikia chochote. Wageni walilia, nikawapa leso. Chai iliniunguza ulimi, nikaendelea kunywa.

Bahati yangu, kazi yangu ni ya ndani. Naandika programu za kompyuta. Mimi na wenzangu wachache tunatengeneza, kwa kujitolea, programu inayowatumia wafugaji ujumbe wa simu kuwakumbusha tarehe za chanjo za ng'ombe. Wengi wao sijawahi kuonana nao. Tunakutana kwenye jukwaa letu mtandaoni. Badiliko lolote kwenye programu halipiti mpaka wenzako wawili wakubali. Anayekataa naye ana adabu zake: asalimie, ashukuru, kisha apinge. Adabu hizo niliziweka mimi, baada ya mmoja wetu kumwambia mwenzake kwamba kazi yake ni takataka, na yule mwenzake akaondoka moja kwa moja.

Fundi wa kupinga ni Gadiel wa Tengeru. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi na adabu anazo, hilo simnyimi. "Shikamoo dada Maulida. Asante kwa kazi nzuri. Kwa heshima, napinga." Halafu anaichambua kazi yako kama dagaa, vichwa huku, miili kule. Alikuwa ananikera kuliko mtu yeyote niliyemfahamu.

Baada ya arobaini nilirudi jukwaani na badiliko la kwanza. "Pole sana dada. Iko vizuri." La pili likapita vivyo hivyo. Nikaleta la tatu, kwamba ujumbe umfikie mfugaji siku mbili kabla ya chanjo badala ya wiki, nikijua hapo Gadiel hatavumilia. Akaandika: "Pole dada. Mungu akutie nguvu. Napitisha."

Nikaanza kuwashuku. Asubuhi moja nilileta upuuzi makusudi: ujumbe wa kukumbusha uende siku moja baada ya chanjo. Baada! Ulipitishwa nikiwa sijamaliza hata kufungua dirisha. Dada mmoja wa Ngarenaro, Princess, aliongeza na picha ya mikono inayoomba dua.

Wifi yangu Chiku, aliyekuja kukaa nami, alinikuta nimekodolea skrini macho.

"Kuna nini tena, wifi?"

"Wamenizika pamoja na Saadi."

"Astaghfirullahi! Usiseme hivyo."

"Wamepitisha upuuzi, Chiku. Watu wakumbushwe leo chanjo ya jana, kisa mimi nimefiwa."

"Si wanakuonea huruma? Ulitaka wakugombeze?"

Ndiyo, nilitaka. Sikumwambia, angefikiri nimechanganyikiwa. Niliuondoa ule upuuzi kabla haujamfikia mfugaji yeyote, nikaandika jukwaani: "Habari za asubuhi ndugu zangu. Nashukuru kwa pole zenu. Badiliko la leo lilikuwa na kosa ambalo hata mtoto angeliona. Nililiweka makusudi, na mmelipitisha. Aliyefariki ni mume wangu. Mimi bado nipo. Naombeni mnipinge."

Baadaye Princess akaandika, "Tusamehe dada. Pole sana." Mwingine akafuatia, "Pole sana dada." Nikafunga kompyuta, nikaenda kuchambua mchele. Sikukasirika hata kidogo, na jambo hilo ndilo lililonitisha.

Kesho yake Gadiel aliandika.

"Shikamoo dada Maulida. Asante kwa kazi nzuri. Naomba radhi, nilipitisha jambo nisilokubaliana nalo. Kwa heshima, napinga. Siku mbili hazitoshi. Mfugaji wa huku juu Meru anahitaji wiki nzima kukusanya mifugo na kumpata mtaalamu. Kwa heshima zote dada, uamuzi huu ni wa mtu anayemjua ng'ombe buchani."

Buchani! Damu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Mimi niliyekwenda kwa wafugaji wale boma kwa boma, wakaniambia kwa midomo yao kwamba ujumbe wa wiki nzima wanausahau! Niliipiga meza. Nikaandika, "Marahaba Gadiel. Asante kwa maoni. Kwa heshima, hujui unachosema." Nikafuta maneno ya mwisho, nikaweka "sikubaliani", nikalifuta nalo kwa sababu lilikuwa la upole mno. Nikasoma upya ile "buchani" na kicheko cha hasira kikanitoka. Nikageukia mlango wa chumbani, kama nilivyozoea miaka yote, kumwita mtu ambaye hata kuwasha kompyuta hakujua lakini alizijua kesi zangu zote na Gadiel, na mara nyingi alimpa Gadiel ushindi.

"Saadi! Njoo usikie huyu kijana alivyonijibu!"

Chiku akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Alisimama mlangoni akinitazama. Nikamwangalia, nikaona ni yeye tu, hakuna mtu mwingine anayekuja, na hapo ndipo nilipolia.