Duka la Saba Mtaa wa Tarabe

Jana usiku niliota ndoto, na ndoto yenyewe ilikuwa mchana kweupe, jua la saa nane, Mtaa wa Tarabe mtupu tangu juu hadi chini. Nimo kibandani mwangu natengeneza mwavuli. Huo ndio ufundi wangu hata nikiwa macho: mimi ni Shaame, fundi miavuli, Mji Mkongwe, Unguja.

Likaingia kofuli. Kofuli kubwa, kimo cha mtu mzima, limevaa suti na limeshika faili. Sikushangaa. Siku hizi wanakuja watu wa kila namna kutupimia mtaa.

"Bwana Shaame," likasema, "mimi ni afisa wa kuhuisha mitaa. Kanuni ya nne inasema mtaa wenye maduka saba wazi ni mtaa hai. Tutatia taa, tutaezeka mapaa, tutarudisha wateja. Likikosekana duka moja, mtaa naufunga na ufunguo naumeza."

"Lini?"

"Adhana ya alasiri."

Sita tulikuwa wazi. La saba lilikuwa la Ami Khatibu, muuza haluwa, mkabala na mlango wangu, na duka lake lilikuwa halijafunguliwa mwaka mzima. Sababu ni mimi.

Yafaa nieleze, maana hili si la ndotoni. Mtaani kwetu mtu akenda kusali hafungi duka. Huweka kiti katikati ya mlango, akaenda zake. Kiti kikiwapo, mwenyewe yu njiani anarudi. Hakuna anayeingia wala anayekigusa. Siku moja Ami Khatibu aliweka kiti akenda kusali adhuhuri, akaanguka msikitini, mwanawe akamchukua kwake Fuoni. Kiti kikakaa siku tatu. Siku ya nne ikanyesha mvua, nami kwa huruma yangu nikakitia ndani kwangu. Hapo ndipo nilipokosea, kwani kwetu kumwondolea mtu kiti ni kusema kwamba harudi tena. Habari zikamfikia kitandani: Shaame kakuzika. Akapona, lakini hakurudi. Wahenga walisema tenda wema nenda zako; mimi nilitenda nikabaki na kiti. Iliniuma sana, na kwa aibu sikwenda hata siku moja kumtaka radhi. Sasa kamati ya kuhuisha mitaa, ya kweli si ya ndotoni, inapita leo alasiri kuhesabu milango.

Basi, kwenye ndoto, kiti kikakohoa.

"Fundi, unangoja nini?"

"Fuoni mbali, na alasiri imekaribia."

"Fungua mwavuli."

Naufungua. Ndani yake mna Fuoni nzima, na nyumba zake, na kuku wake. Nainama naingia. Kiti kinanifuata kwa miguu yake minne, kinalalamika magoti. Nyuma yangu nasikia kofuli limeanza kuukunja mtaa kama jamvi, nami naongeza mwendo.

Sebuleni kwa mwanawe, Ami Khatibu amekaa chini sakafuni. Amezungukwa na makochi yanayombembeleza, "Karibu, karibu." Yeye hataki hata kuyagusa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Maiti nao siku hizi huamkiwa?"

"Nilikitoa mvuani tu, ami."

"Kiti kikirowa hukauka, Shaame. Mtu akishasemwa harudi, yeye hukaushwa na nini?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama, kwelikweli, pale sakafuni, magoti yakalia.

"Nimekosa, ami. Na kosa kubwa zaidi ni mwaka mzima kuona haya kuja kukwambia."

Kutoka nje ya mwavuli tukamsikia muadhini wa mtaani kwetu anajaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Nilitaka kupiga kelele lakini sikuthubutu.

"Kiti changu kimechoka?" akauliza.

"Kimechoka kukungoja," kiti kikajijibia chenyewe.

"Nipe mkono basi, ninyanyuke."

Namvuta. Anasimama, na Fuoni inakwisha papo hapo. Tuko Tarabe, ila Tarabe haipo. Kofuli limekwisha kuukunja mtaa wote, limeubana kwapani, linaondoka. Ncha tu ndiyo inayochungulia, na kizingiti kimoja kimebaki chini, kizingiti cha duka la haluwa.

"Weka kiti hapo!" ananihimiza Ami Khatibu. "Haraka, bwana!"

Nakiweka. Kofuli linarudi kukichukua kizingiti, linafika mbele ya kiti, linasimama. Linajaribu kulia, linajaribu kushoto. Linafungua faili, linatafuta, halioni kanuni ya kukivuka kiti.

"Nani mwenye kiti hiki?"

"Mimi," anasema Ami Khatibu. "Nilikwenda kusali. Nimerudi."

Kisha akakiondoa kwa mkono wake mwenyewe, akaingia.

Nilifurahi hadi nikaruka, mtu mzima na kipara changu. Mtaa ukamponyoka kofuli kwapani, ukajikunjua wenyewe kwa kishindo, nyumba baada ya nyumba, tarabe zote za madirisha zikipiga makofi. Jiko likawaka. Sufuria kubwa la haluwa likaanza kutokota, na Ami Khatibu akaingia kazini na mwiko, jasho linamtoka, anacheka.

"Lete kiganja, Shaame. Wewe ndiye mteja wa kwanza, na wa kwanza harudi mkono mtupu."

Akanitilia haluwa ya moto kiganjani. Adhana ikatoka. Kofuli likafunguka kwa furaha, tak, likaomba na lenyewe kidogo.

Nikaamka. Kumekucha, jua limeshaingia chumbani, na mke wangu Time amesimama ananiangalia.

"Mume wangu, unakula nini kitandani?"

"Sili kitu."

"Hebu fungua ngumi."

Nikafungua. Haluwa, donge zima, bado ina moto. Time akachovya kidole akaonja, akakaa kitako kitandani.

"Hii ya Khatibu," alisema. "Mwengine hatii hiliki namna hii."

Mimi nikabaki nakitazama kiganja.

"Wewe bado umelala hapo?" akasema. "Inuka! Na ukifika, shikamoo kwanza, maneno baadaye."

Nimetoka bila kofia. Sasa hivi nipo barazani kwa mwana wa Ami Khatibu, Fuoni. Nimebisha hodi, nimesema shikamoo, nimesema nimekosa, yote kwa pumzi moja, mlangoni. Mlango haujafunguliwa bado. Lakini ndani nasikia mtu anatafuta viatu vyake.