Kinga ya Chamima

Katika mtaa mmoja wa mji wa Mocímboa da Praia, ukitaka habari za kinga ya mwili hukuwa na haja ya kwenda hospitali. Ulikwenda kwa Bi Alima. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ativista, mmoja wa wale akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wagonjwa wa ukimwi wasiache dawa, na somo lake lilikuwa moja tu: kinga ikishuka umekwisha, kinga ikipanda utawazika waliokusengenya. Alilisema mpaka mbuzi wa mtaani wakalizoea. Wanaume wazima wakimwona anakuja na begi lake walimeza vidonge haraka haraka, maji yakiwamwagikia kifuani.

Mjuaji alikuwa mjuaji, hilo hatulifichi. Lakini moyo wake ulikuwa mweupe, na sehemu kubwa ya moyo huo ilishachukuliwa zamani na Chamima, mke wa mwanawe Latifo. Siku walipokimbia vita Latifo alikuwa kazini kisiwani Vamizi, na goti la Bi Alima lilikuwa limevimba. Chamima angeweza kutangulia na wenzake. Hakutangulia. Alimkokota mama mkwe wake siku tatu porini, akimtania njia nzima: "Mama, ulikula nini ukawa mzito hivi?" Tangu hapo Bi Alima hakumwita tena mkwe. Alimwita mwanangu, na ole wake aliyethubutu kumsema vibaya.

Basi Chamima alipoanza kuamka uso umevimba, miguu ikibonyea ukiigusa kwa kidole, na mkojo ukitoa povu kama maji ya sabuni, Bi Alima ndiye aliyemshika mkono kumpeleka hospitali. Vipimo vilikwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo, vikarudi. Ugonjwa uliitwa lupus, na ulikuwa umeshafika kwenye figo. Chamima akapewa vidonge, na vingine vya presha, na kwa kuwa nyumbani kulikuwa na mtaalamu, akamkabidhi mfuko mzima. Kila asubuhi baada ya uji Bi Alima alimwekea vidonge kiganjani, akasimama kumwangalia mpaka ameze. Baada ya miezi miwili uvimbe ukapungua. Chamima akaanza tena kuimba akifagia uwanja, kwa ile sauti yake mbovu, na Bi Alima akamshukuru Mungu kwa sauti hiyo.

Siku ya kliniki ya mwezi wa tatu, Bi Alima alimuuliza daktari Narciso, kijana aliyetoka Maputo, kwa nini mtoto amekuwa na uso wa duara namna hii, na majipu hayamwishi. Daktari akajibu kwa Kireno. Nesi Telma akatafsiri huku akitafuta kalamu mezani.

"Ni hizi dawa, mama. Kazi yake ni kushusha kinga."

Bi Alima akachukua mfuko wa dawa, akainuka. Telma, aliyekuwa na foleni ya watu arobaini mlangoni, akadhani ameelewa.

Hakuelewa hata kidogo. Njia nzima neno lile lilimchoma. Kushusha kinga! Yeye aliyechakaza viatu akiwaomba watu kinga isishuke, leo alikuwa akimshushia mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, kila asubuhi, juu ya uji! Angeweza kurudi kuuliza. Lakini mtu aliyeufundisha mtaa mzima maana ya kinga atarudije hospitali kuuliza kinga ni nini? Aibu ilimzuia, na upendo ukamalizia kazi.

Kesho yake akaenda duka la dawa sokoni, akanunua vidonge vyeupe vya vitamini. Vile vya hospitali akavifungia kwenye kopo la mchele. Vya presha aliendelea kumpa, kwani presha aliijua na hakuwa na ugomvi nayo. Kila jioni akampikia mchuzi wa majani ya mlonge, akimsisitiza anywe mpaka tone la mwisho, kinga ipande. Chamima alikunywa. Alipolalamika mwili unamlegea, Bi Alima akamwambia ni sumu inatoka, avumilie.

Siku ya kumi na tisa Chamima alishindwa kufumbua macho kwa uvimbe. Alitapika uji, akatapika na maji. Bi Alima akambeba kwa bajaji hadi hospitali, akiomba dua zote anazozijua na nyingine za kujitungia.

Daktari alitazama majibu ya mkojo kwa muda mrefu. Safari hii Telma alitafsiri polepole, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Daktari anasema dawa zimeshindwa. Kesho aende Pemba, pengine mpaka Nampula, akatundikiwe dawa kali zaidi ya kuokoa figo." Akamgeukia mgonjwa. "Ila hiyo, dada Chamima, inaweza kukufunga kizazi. Ni lazima ujue kabla."

Chamima alikuwa na miaka ishirini na sita. Yeye na Latifo walikuwa bado hawajapata mtoto, na mtaa wote ulijua wanavyomtamani. Alinyoosha mkono wake uliovimba akamshika Bi Alima.

"Kama hakuna nyingine, basi," alisema. "Usilie, mama. Utanifanya na mimi nilie."

Huo mkono ndio uliomuua Bi Alima. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe; lawama ingekuwa ya dawa, na yeye angebaki mama mwema. Kama angesema, Chamima angeuvuta mkono wake, na Latifo huko Vamizi angesikia kwamba mama yake karibu amuulie mke. Aliogopa kuliko alivyoogopa porini. Lakini alimpenda mtoto huyu, na asingeweza kukaa akimtazama akipoteza kizazi kwa ajili ya siri iliyokuwa ndani ya kopo la mchele.

"Dawa hazijashindwa," alisema. "Hajazinywa. Siku kumi na tisa nampa vitamini na mchuzi wa mlonge. Mlisema zinashusha kinga. Ningemshushia vipi kinga mwanangu?"

Telma akamtafsiria daktari. Kijana yule alisimama, akakaa, akashika kichwa. Alisema mengi kwa ukali, na Telma akayapunguza kidogo: dawa ile haikatwi ghafla, mwili unaizoea, kidogo tu Chamima angekufa hapo hapo nyumbani. Kisha Telma akamgeukia Bi Alima.

"Kosa na langu limo, mama. Nilikurushia neno nikakuacha nalo. Sikiliza. Tuliporudi kutoka ukimbizini, si unakumbuka walinzi wa mtaa walivyowakamata watu mbele ya milango yao wenyewe, kwa kuwa hawana kitambulisho?"

"Walimkamata Latifo. Ametoka kisimani, ndoo mkononi. Walinzi wenyewe watoto niliowapokea mimi walipozaliwa!"

"Basi kinga ya Chamima ndivyo ilivyo. Haijashuka, imeota mapembe. Haiwatambui wenyeji, inazipiga figo zake mwenyewe ikidhani ni adui. Kwa wale wagonjwa wako tulitafuta walinzi waongezeke. Kwa huyu tunawapunguza ukali, wasimwue mwenye nyumba. Wewe na ule mlonge wako ulikuwa unawapikia walinzi."

Bi Alima aliinamisha kichwa. Daktari alikuwa ameshaichana barua ya kumpeleka Chamima Pemba. Chamima angelazwa hapo hapo, angerudia dawa zile zile, na baada ya wiki mbili wangempima upya. Ile dawa kali iliyoweza kumfunga kizazi ingesubiri.

"Na figo zitapona?" Bi Alima aliuliza.

"Hatujui, mama. Tutaona."

Telma akatoka kwenda kuchukua dawa. Walibaki wawili, na mkono wa Chamima bado ulikuwa pale pale.

"Nitukane, mwanangu," Bi Alima alisema. "Nitukane niondokewe na huu mzigo."

Chamima alimtazama kwa yale macho membamba yaliyobaki.

"Nilijua vimebadilika, mama. Vile vya mwanzo vilikuwa vichungu, vinanikaa kooni mpaka adhuhuri. Vyako vilikuwa vitamu. Nikasema, mama yangu ameona ninavyoteseka, amekwenda hospitali kuwabembeleza wampe vitamu."

Bi Alima alilia kwa sauti, wodi nzima ikageuka, naye hakujali.

Telma aliporudi na vidonge na kikombe cha maji, Chamima aliviweka mdomoni vyote kwa pamoja. Uso wake wote ukakunjamana, akameza, akatikisa kichwa.

"Hivi ndivyo vyenyewe," alisema, akasogea kumpa mama yake nafasi ya kukaa.