Njia Chini ya Kitanda

Jumanne asubuhi mshonaji alipiga magoti kutafuta kibweta cha vifungo chini ya kitanda, akakuta njia ya chemchemi imelala pale, imekunjwa. Alikuwa na mapazia kumi na manne ya hoteli ya kumaliza kabla ya Ijumaa, na la kumi lilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya mambo mengi. Aliivuta kwa ncha, akaisukuma upande wa ukutani ili kibweta kipate kupita. Vifungo vilikuwepo vyote.

Alipomaliza pazia la kumi na mbili ndipo alirudi kuitazama vizuri. Ilikuwa imekunjwa kama jora la kitambaa, tena kwa mkono unaojua kazi, nyasi za kandoni zimeingizwa ndani zisivunjike. Aliijua ndiyo yenyewe kwa ile kona kali ya katikati, kwa mizizi miwili ambayo hukwaza wageni tu, na kwa sisimizi waliokuwa wakiendelea na safari yao kwenye mikunjo bila kuulizana. Mwishoni kabisa, sehemu ya karibu na maji, palikuwa na udongo mfinyanzi uliokauka, na juu yake unyayo wa mama yake: mguu wa kushoto, vidole vinne, maana cha tano kilikwenda na jembe kabla mshonaji hajazaliwa.

Mama huyo alikuwa na miaka sita kaburini. Miaka arobaini alipita pale na ndoo, na mshonaji tangu utotoni nyuma yake, akikanyaga alipokanyaga. Hata baada ya mazishi, kila alfajiri aliweka mguu wake mle ndani, ukaenea sawasawa, na siku yake ikaanza vizuri.

Binti wa mshonaji, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka hapo na mwenye mimba ya miezi saba, alikuja kuazima chumvi, akaiona.

"Imekuja lini?"

"Nimeikuta tu."

"Itakuwa imechoka kukaa bure," binti akasema, akachukua chumvi yake.

Hakukosea. Njia hiyo haikuwa na kazi tangu mwezi uliopita, ulipowekwa uzio. Na uzio nao ulikuwa na mama yake, yaani semina.

Alikuwa amekuja mtaalamu wa utalii endelevu, kijana wa watu, mwenye adabu, na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Siku tano walikaa naye kwenye darasa la shule, magoti yamebanwa na madawati ya watoto. Alichora miduara mitatu, mazingira, jamii na uchumi, na pale ilipokutana akaandika SISI. Alisema utalii usiowashirikisha wenyeji ni wizi, na watu wakapiga makofi kwa kuwa ni kweli. Kila mchana katibu wa kamati ya kijiji, ambaye ni shemeji wa mshonaji, mdogo wa marehemu mumewe, alipitisha karatasi ya mahudhurio, na aliyesaini ndiye aliyepewa chakula na soda. Hakuna aliyebembelezwa. Mwenyekiti aliwakumbusha kwamba asiyekuwepo na lake halipo, nao walikuwepo, siku zote tano.

Kumbe karatasi waliyosaini ilikuwa ya pili. Ya kwanza, iliyokuja kubanwa juu yake baadaye, ilisema kwamba sisi tuliosaini hapa chini tumeridhia chemchemi na njia zake ziwe Eneo la Utulivu, litunzwe na kamati kwa niaba yetu. Likajengwa geti, akawekwa mlinzi. Wanaotaka maji wakaelekezwa kwenye kijito cha nyuma ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu, maana bomba la kijiji hutoa maji ya chumvi ambayo hata sabuni inayakataa. Waliolalamika walionyeshwa saini zao. Zilikuwa zao kweli.

Jumatano alfajiri mshonaji aliitoa njia nje, wanawake wa jirani wakisubiri na ndoo, akaweka ncha yake kizingitini, akaisukuma kwa mguu. Ikafunguka yenyewe kuteremka, ikapinda kwenye kona yake, ikafika kwenye uzio na kupita chini kama ilivyokuwa ikipita wakati uzio haujazaliwa. Waya ulijiinua kidogo. Mlinzi aliona yote. Alifikiri kwa muda, akasema yeye ameajiriwa kulinda geti, na hawa hawajapita getini, akarudi kwenye chai yake.

Siku nane wanawake kumi na mmoja walichota maji kwa amani. Mshonaji alitangulia, akaweka mguu kwenye unyayo wa mama yake, akajaza ndoo, na wa mwisho kurudi ndiye aliyeikunja njia nyuma yake. Mshonaji alifurahi na hakuificha furaha yake. Mapazia mawili ya mwisho aliyashona huku akiimba, na moja lilitoka na pindo lililokwenda upande, akalifumua na kulirudia bila kinyongo.

Siku ya tisa wageni waliokuwa wakinywa kahawa kwenye baraza la hoteli waliona njia ikikunjwa. Walikuwa wamekuja kuona vitu, na hicho kilikuwa kitu. Waliuliza tu huonyeshwa saa ngapi.

Kamati iliitisha kikao Alhamisi hiyo hiyo. Mwenyekiti alifungua kwa kusema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwamba vijiji jirani vina maporomoko ya maji, sawa, lakini maporomoko kila mtu anayo. Agenda ya tatu iliitwa Njia Inayokunjika. Mtaalamu alishauri isimamiwe na mwenyeji, ikiwezekana mwanamke, mwenye uhusiano nayo wa muda mrefu. Wote wakamgeukia mshonaji. Katibu alieleza kwa upole kwamba kwa mujibu wa karatasi ya kwanza njia ni mali ya kamati, popote itakapokutwa, hata chini ya kitanda, lakini kamati isingependa kufika huko na mtu wa nyumbani.

Safari hii mshonaji alikataa kushika kalamu mpaka asomewe kila karatasi, kwani kuuliza si ujinga. Walimsomea. Kisha akasimama.

"Njia nitaikunjua. Ila mtufungulie geti tuchote maji. Mwanangu anakaribia kujifungua, hawezi kuzunguka kilima."

Chumba kizima kilimwelewa. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, na huruma yake ilikuwa ya kweli, mtu asimsingizie. Katibu aliandika maneno yote bila kupunguza hata nukta, akamgeuzia daftari aone. Yalikuwa yamekaa chini ya kichwa kimoja kilichopigiwa mstari: Mengineyo.

"Mengineyo hujadiliwa lini?"

"Mwishoni, shemeji. Muda ukibaki."

Akasaini, na chakula kikaletwa.

Alitengenezewa sare, maana yake alijishonea. Saa nne, saa nane na saa kumi alasiri aliikunjua njia kuanzia kwenye ngazi za hoteli, na wageni wakateremka juu yake mpaka chemchemi, wakanawa uso, wakapanda. Ndoo zilikatazwa kwa sababu huharibu picha. Ikiisha zamu ya mwisho aliikunja, akaipeleka ofisini, na katibu akaifungia kwenye kabati la mafaili. Wanawake wakarudi kuzunguka kilima. Binti naye alizunguka, mkono mmoja kiunoni.

Muda haukubaki Alhamisi ile, wala ya kikao cha pili, wiki mbili baadaye. Kikao cha tatu kilitumika chote kuchagua rangi ya vikombe vya hoteli, kwa njia shirikishi.

Viatu vya wageni vina soli nene zenye meno. Wiki ya pili kidole cha nne cha mama kilikuwa kimesawazishwa. Wiki ya tano ukaondoka ukingo wa kisigino. Mshonaji alimwomba mtaalamu waweke ubao pale, watu waruke. Mtaalamu alikuja siku hiyo hiyo na futi yake, akapima, akamweleza kwamba njia imepanuka kwa shubiri moja tangu mradi uanze, akampa mkono wa pongezi. Shubiri ile iliingia kwenye ripoti, ukurasa wa mafanikio. Ubao haukuonekana.

Mara moja njia ilitoroka. Jumatatu asubuhi mshonaji aliinama kutafuta kibweta akaikuta imerudi mahali pake, safari hii imejikunja ovyo, kama mtu aliyevaa kwa haraka. Alikaa sakafuni akalia, maana hakuwa amejua kwamba aliikosa kiasi kile. Aliifungua ncha mpaka kwenye udongo mfinyanzi, akapapasa. Kilikuwa kimebaki kidole kimoja, kile kikubwa. Wazo la kuificha lilimjia, na alilipa nafasi yake. Alihesabu mahali pa kuiweka, akapata matatu. Lakini Alhamisi kulikuwa na kikao, na kamati ikisema hatoi ushirikiano, basi Mengineyo yake yamekwisha. Aliitia begani kama jora, akairudisha ofisini kabla ya saa tatu. Katibu alimshukuru, akaongeza kufuli la pili.

Mjukuu alizaliwa wiki ya kikao cha tano, kikao ambacho kiliishia kwenye Yatokanayo. Alikuwa msichana. Aliogeshwa kwa maji ya nyuma ya kilima, ambayo bibi yake aliyabeba kichwani kabla ya kwenda zamu ya saa nne.

Kikao cha saba muda ulibaki. Mwenyekiti alitazama saa yake mara mbili kuhakikisha. Katibu akafunua ukurasa, akakohoa, akasoma kwa sauti kwamba mshonaji anaomba geti lifunguliwe ili watu wachote maji.

"Limepokelewa," mwenyekiti akasema.

Kisha akafunga kikao kwa kuwashukuru wote kwa ushirikiano wao. Mlangoni mshonaji alimshika shemeji yake mkono wa shati, akamuuliza kupokelewa maana yake nini.

"Maana yake halijakataliwa, shemeji."

Karatasi ya mahudhurio ilikuwa imemfikia. Alisaini, kwa kuwa alikuwepo.

Kesho yake, zamu ya saa nne, aliweka mguu wake mahali pale na hapakuwa na kitu. Udongo ulikuwa laini, umetandazwa vizuri, mguu wake ukakaa juu tu. Mgeni mmoja alimwomba kwa ishara asogee kidogo apige picha ya maji, naye akasogea.

Alfajiri iliyofuata alikwenda kuchota maji nyuma ya kilima, binti nyuma yake, mtoto mgongoni kwa binti. Nyasi zilikuwa na umande na ziliwafika magotini. Miezi mitatu na zaidi ya miguu ya wanawake kumi na mmoja ilikuwa imeanza kuzilaza, mstari mwembamba unaopanda na kushuka, mzuri kuutazama, na kwenye kibonde chenye tope palikuwa na nyayo zilizoanza kukauka. Mmoja ulikuwa wake. Ndani yake binti alikuwa ameshaweka wa kwake, na ulienea.

Mshonaji alisimama hapo. Kutoka pale baraza la hoteli lilionekana vizuri, na mtu aliyekuwa barazani alikuwa na darubini.

Aliitua ndoo, akainama, akausawazisha ule unyayo kwa kiganja mpaka tope likawa tope. Kisha akauacha mstari, akaingia kwenye nyasi ndefu.

"Usinifuate nyuma," alimwambia binti yake. "Pita pembeni."

"Huko kuna miiba, Mama."

"Najua. Na kesho tutapita kwingine. Waambie na wenzako."

"Kwa nini?"

"Itakuwa njia."

Binti alifikiri kidogo, akamvuta mtoto juu mgongoni, akahamia kushoto, hatua tano hivi. Mtoto akianza kutembea itabidi naye afundishwe hivyo hivyo. Walikwenda kila mmoja kivyake, na nyuma yao nyasi zikainuka. Walipojaza ndoo walirudi kwa kupita kwingine.