Bomba la Siti

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta, maana pale uwanjani tulikuwa wanaume saba na kila mmoja alikuwa na sifa za kutosha kugombea nafasi hiyo.

Tulikuwa tukikutana asubuhi, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyuma ya ghala la mbao, kuonyeshana baiskeli. Usifikirie zile za mashindano. Zetu ni chotara: tairi si nyembamba kama za mbio wala si nene kama za milimani, usukani umenyooka, na kazi yake ni kukupeleka kazini na kukurudisha. Lakini ungetusikiliza ungedhani tunafuga farasi. Huyu kabadilisha pedeli, yule kafunga mishikio ya ngozi aliyoishona mwenyewe, mwingine kaipaka rangi ya dhahabu mpaka kwenye spoku, na nyumbani kwake wanaulizana rangi ya dirisha imekwenda wapi.

Shabaha ya utani wangu ilikuwa Kinyozi, mtu mrefu kama nguzo ya umeme. Baiskeli yake niliibatiza Kabati. Ilikuwa na vioo viwili, kengele tatu, taa nne, keria mbele, keria nyuma, na madigadi mapana yenye mikia ya mpira. Kila alipoingia nilimwuliza, "Kaka, umehama nyumba leo?"

Heshima pale ilipatikana kwa kipimo cha kidole. Unaingiza kidole kimoja chini ya fremu, unainyanyua baiskeli, wenzako wanahesabu hadi ishirini. Baiskeli iliyonyanyuliwa na wote saba bila mtu kuguna, mwenyewe ni bingwa wa mwezi. Zawadi hakuna. Ndiyo maana tulikuwa tunaupigania ubingwa huo hivyo.

Sasa shida yangu ilikuwa moja: baiskeli haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya nyumba. Mimi ni mchora mabango, nafanyia kazi barazani, safari zangu ni za kununua rangi. Mke wangu ni mpishi, na ndiye aliyeitumia zaidi. Tena ananizidi urefu kwa shubiri nzima, jambo ambalo watu wa mtaani wameshalichekea likaisha, wakapumzika, wakaanza upya. Kwa hiyo kwenye bomba linaloshika siti tulikuwa tumekwaruza mistari miwili kwa msumari. Wa kwanza wangu. Wa pili, siti ikiwa imepandishwa juu kabisa, wake. Kila tulipopokezana, siti ilipanda au ilishuka.

Wiki hiyo alikuwa ameitwa kupimwa kwa kazi ya upishi katika jiko la hospitali kubwa ng'ambo ya mji. Kazi hiyo alikuwa ameiomba mara tatu. Mara mbili hawakujibu, mara ya tatu wakamwambia: Jumamosi, saa nne kamili, njoo na visu vyako, anayechelewa mlango haufunguliwi. Tukapatana kwamba niende na baiskeli kwenye maonyesho yangu, yeye apitie ghalani saa tatu na nusu aichukue. Kwa baiskeli, kutoka pale hadi hospitali ni dakika ishirini. Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima.

"Usinichezee na muda," aliniambia.

"Mimi?" nikasema, kama mtu aliyetukanwa.

Ijumaa mchana yeye akiwa kazini, baiskeli kaniachia nikanunue rangi, nikaivua nguo. Madigadi nje, keria nje, stendi nje, kengele nje. Nikajaribu kidole. Bado kililalamika. Ndipo nikachomoa siti na bomba lake nikaliangalia vizuri. Lilikuwa refu kama mkono wangu toka kiwiko, na nusu yake huzama ndani ya fremu, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Nikajiuliza, hiki kipande cha chini kinafanya kazi gani mle gizani? Kimekaa tu kama mgeni asiyeaga. Nikachukua msumeno wa chuma nikakikata. Nikairudisha siti kwenye mstari wangu, nikakaa, nikajitikisa kama kuku anayeatamia. Imara kabisa. Nikajipongeza kwa sauti.

Jumamosi nilifika ghalani nimevaa shati jeupe na miwani ya jua, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mawingu bado yalikuwa yamening'inia. Kidole cha kwanza, ishirini. Cha pili, ishirini. Hata babu mmoja, fundi saa mstaafu, mwenye vidole kama njiti, aliinyanyua huku akisimulia habari za mgongo wake. Nikatangazwa bingwa. Kabati ilipofika zamu yake, aliyeinyanyua alihesabiwa moja, mbili, kisha wakamsaidia kutoa kidole.

"Kinyozi," nikasema, "hiyo ukiichoka weka sufuria ndani."

Wakacheka. Alicheka na yeye, na hapo hapo akaniambia, "Shemeji huyo anakuja."

Kweli, mke wangu alikuwa anavuka uwanja kwa hatua ndefu, suruali ya jikoni imepigwa pasi, visu vimeviringishwa ndani ya aproni kifuani, mkoba mkononi. Hakusalimia wengi. Alitazama mahali keria ilipokuwa.

"Mzigo nitauweka wapi?"

"Begani, mama. Unaona ilivyo nyepesi? Jaribu kidole!"

Hakujaribu kidole. Alilegeza kishikizo, akashika siti, akaipandisha kutafuta mstari wake. Siti ikapanda, ikapanda, ikatoka. Akabaki ameishika mkononi kama mtu aliyepewa kombe asiloliomba.

Akageuza bomba, akaiona ncha iliyokatwa, bado inang'aa.

"Limekatika?"

"Limekatwa," nikasema, maana hata mimi huwa nachoka kudanganya.

"Na nani?"

Wenzangu sita wakanitazama mimi. Urafiki una mipaka yake.

"Panda hivyo hivyo na siti iwe chini," nikamwambia.

Alirudisha siti kwenye mstari wangu, akakaa, akakanyaga mara mbili. Magoti yalimfika kidevuni na usukani haukuweza kugeuka. Akashuka. Saa yangu ilisema saa tatu na dakika thelathini na tano, na uso wake ulikuwa umeanza kufanya kile unachofanya anapojizuia asilie mbele ya watu. Hapo ndipo miwani ya jua ilinifaa kwa mara ya kwanza.

"Shemeji," Kinyozi akasema, "hii yangu siti yake iko juu. Keria utachagua, ziko mbili."

Mke wangu alipanda Kabati kama iliyotengenezwa kwa kipimo chake. Visu nyuma, mkoba mbele. Akaondoka huku kengele tatu zikilia kwa pamoja, na watu wakampisha.

Nikarukia ubingwa wangu kumfuata. Nilimfikia bila taabu, wepesi si utani. Lakini bila madigadi gurudumu la mbele lilinilisha matope, la nyuma likanichora mstari mweusi kutoka kiunoni hadi kisogoni. Mimi ninayeishi kwa kuchora, sijawahi kupiga mstari ulionyooka vile. Yeye alifika getini saa nne kasoro dakika tatu, suruali haina hata tone. Mlinzi alimfungulia yeye. Mimi akaniuliza nimeumia wapi.

Nilikaa ukutani nje hadi saa saba. Alipotoka alikuwa na harufu ya vitunguu na karatasi mkononi.

"Jumatatu naanza," akasema.

Nilifurahi mpaka nikasahau kunyamaza. Nikampongeza, akacheka, akanifuta tope shavuni kwa ncha ya aproni. Kisha akasema, "Leo hii unanunua bomba jipya. Na madigadi, keria, kengele, vyote virudi kabla ya Jumatatu."

"Bomba nakubali," nikasema. "Lakini hivyo vingine niachie hadi Jumamosi ya mwezi ujao. Ndiyo kwanza nimekuwa bingwa."

"Virudi."

"Wiki mbili basi. Nitakupeleka mwenyewe kila asubuhi."

"Utanipeleka juu ya nini? Keria iko wapi?"

Nilipekua kichwani nikakuta hoja moja tu imebaki, nayo nikaitoa kwa sauti ya mume anayeonewa. "Mke wangu, huoni kwamba yote haya nilifanya kwa ajili yako? Ile baiskeli ilikuwa nzito. Kila siku unarudi umechoka, nikaona nikupunguzie uzito."

Akaweka mguu mmoja kwenye pedeli ya Kabati, akanitazama kuanzia paji la uso lenye tope hadi viatu.

"Nani alikwambia kinachonichosha ni baiskeli?"