Wimbo wa Tisa

Wembe ulikuwa mpya, umetolewa kwenye karatasi yake adhuhuri hiyo hiyo, na mkono ulioushika ulikuwa umeoshwa mara mbili. Mkaguzi wa mizani aliuegemeza kwenye ukingo wa kasha la CD, pale nailoni ilipounganishwa kwa moto kiwandani, kisha akauondoa. Akainama kulitazama kasha tena. Kwa miaka kumi na tisa nailoni ile haikuwahi kuguswa na ukucha. Pembeni, kwa wino wa fedha, namba yake ilisomeka vizuri: 7 kati ya 300.

Upande wa pili wa meza alikaa dada yake, kitambaa chepesi kikifunika tundu ambalo madaktari walilifungua chini ya koo lake. Mbele yake palikuwa na ubao mweupe mdogo na kalamu ya wino wa kufutika. Aliandika kwa haraka, akaugeuza ubao: *Unachinja au unapima?*

Binti wa dada, aliyekaa katikati yao, akacheka kwa niaba ya meza nzima.

Mkaguzi hakukasirika. Kupima ndiyo kazi iliyomlisha. Kila wiki alizunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba, akiyapanga juu ya mizani ya wauzaji na kuandika tofauti aliyoikuta. Mawe hayo hayakushikwa kwa vidole vitupu, kwa sababu jasho la kidole lina uzito, na uzito huo, ukiachwa mwaka baada ya mwaka, hulifanya jiwe liseme uongo. Aliyazoea mawe hayo kiasi kwamba hata vitu vya nyumbani kwake alivishika vivyo hivyo. Alikuwa na CD mia nne na kumi na mbili, zote za matoleo maalumu, zimesimama kabatini kwa mpangilio wa namba, mbali na dirisha. Wakusanyaji wenzake walimwita Hakimu. Yeye ndiye aliyewaandikia mwongozo wa kupanga nakala kwa madaraja, kuanzia ile isiyofunguliwa hadi ile iliyokwaruzika, na sentensi moja ya mwongozo huo wengi waliijua kwa moyo: CD iliyofunguliwa imeshasema yote, iliyofungwa bado ina neno.

Desturi yao ilikuwa kununua nakala mbili. Moja iliitwa ya sikio, nyingine ya kabati. Ya sikio ilifunguliwa na kuchakazwa, ya kabati ikabaki bikira. Mwenye nakala moja tu alisubiri apate ya pili ndipo aguse ya kwanza.

Namba saba ilikuwa moja tu, nayo hakuinunua.

Enzi hizo dada yake alikuwa mwitikiaji katika bendi. Kwa miaka sita alisimama nyuma kushoto, akijibu kile alichokiimba mwenzake wa mbele. Siku ya kurekodi, mwimbaji mkuu aliamka na homa, na kiongozi wa bendi, akiogopa kupoteza siku ya studio aliyokwisha kuilipia, akamwambia dada asogee kwenye kipaza sauti. Wimbo ulikuwa wa tisa na wa mwisho. Dada aliposogea hofu ilimzidi, akaangua kicheko. Fundi mitambo alikipenda kicheko kile, akakiacha mwanzoni mwa wimbo. Toleo la kawaida lilitoka na nyimbo nane. Ule wa tisa ulitiwa katika toleo maalumu la nakala mia tatu tu. Baadaye bendi ilisambaratika, na mtambo uliohifadhi rekodi za studio ukafa na vyote vilivyokuwamo. Waitikiaji walipewa nakala moja moja. Dada, ambaye hakuwa na mashine ya kuipigia, aliileta kwa mdogo wake jioni hiyo hiyo. Wewe ndiye mpenzi wa muziki kwetu, alimwambia.

Yeye akaitia kabatini, akingoja ya sikio.

Ya sikio aliikuta mara moja tu, miaka minne iliyopita, kwenye meza ya muuza vitu vilivyotumika. Namba 88. Ilikuwa imefunguliwa, kona ya jalada imebonyea, na kisahani kina mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele. Aliigeuzageuza kwenye mwanga kwa muda mrefu. Kisha akamweleza muuzaji, kwa adabu, kasoro zake zote, akairudisha kwenye rundo. Alijiambia kwamba ataipata iliyo safi zaidi. Muuzaji yule siku hizi hayupo. Pale palipokuwa na meza yake wamejenga duka la vifuniko vya simu.

Wiki mbili kabla ya upasuaji, dada alikuja. Wakati huo alikuwa bado na sauti, ingawa ilikuwa imekauka. Alikaa kwenye kiti kile kile, akazungumza habari za hospitali, za mwanawe, za bei ya dawa, na mwishoni, kama mtu aliyekumbuka mwavuli wake mlangoni, akasema: "Mdogo wangu, ile CD yangu. Hebu tuisikilize."

Alimjibu kwa ukweli mtupu. Alimweleza kwamba nakala zisizofunguliwa zinazojulikana zimebaki tatu, kwamba anaitafuta nyingine ya kusikiliza, na kwamba akiipata tu watakaa wote waisikilize kwa nafasi. Hakuna alichosema ambacho hakikuwa kweli. Dada alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema. "Nilishakupa."

Hilo lilikuwa moja ya maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa sauti yake. Wiki mbili baadaye, uvimbe ulipotolewa, kisanduku cha sauti kilitoka nao.

Aliyemfikisha kwenye wembe alikuwa mpwa wake. Siku moja, wakimsubiri dada nje ya kliniki, binti alimwuliza kama ni kweli mama yake aliwahi kuimba, maana yeye tangu azaliwe hakumsikia hata akiimba chinichini jikoni. Mkaguzi akaanza kumweleza: wimbo una dakika nne na sekunde kumi na moja, umerekodiwa siku moja, una gitaa mbili na kinanda. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mjomba," alisema. "Lakini uliusikia?"

Swali lile lilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki. Jumatatu iliyofuata aliamua kufungua, na hapo ndipo alipogundua kwamba nyumba yenye CD mia nne na kumi na mbili haikuwa na kitu cha kuzipigia. Kompyuta ya mpwa wake haikuwa na tundu la kuingizia CD. Ya ofisini ilikuwa nalo, lakini idara ilikuwa imelifunga kwa gundi. Yeye mwenyewe, kama watu wote, kwa miaka mingi alikuwa akisikiliza muziki kwenye simu, akiwa amekaa mbele ya kabati lake. Chini ya kitanda aliikuta redio yake ya zamani yenye droo ya CD. Droo haikufunguka.

Fundi redio, aliyefanyia kazi katika chumba chini ya ngazi, aliifungua na kumwonyesha mkanda wa mpira uliokuwa umeyeyuka na kuwa kama lami.

"Hii haikufa kwa kazi, kaka," alisema. "Imekufa kwa kukaa. Ungekuwa unaipiga kila wiki ingekuzika."

Alitia mkanda mwingine, akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, kisha akaomba CD ya kujaribia. Mkaguzi alisema hana. Fundi akamtazama, akatoa kwenye droo ya meza yake kisahani chenye mikwaruzo kama sakafu ya darasa, akakitumbukiza. Muziki ukajaa chumba kizima bila kukwama hata mara moja.

Sasa redio ilikuwa mezani, droo wazi. Mkaguzi alipiga moyo konde, akapitisha wembe. Nailoni iliachia kwa sauti ndogo. Harufu ya wino na plastiki ilitoka, mbichi, kana kwamba kiwanda kiliifunga jana. Kisahani kiling'aa bila doa. Juu yake liliandikwa jina la bendi na orodha ya nyimbo tisa. Alikishika kwa ukingo, akakilaza ndani, akabonyeza namba tisa.

Dada alinyoosha mkono akamshika bintiye kiwiko.

Kulikuwa na ukimya mfupi, kisha sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu anayesoma karatasini. "Somo la tisa. Kuandaa kiota cha mtetea. Chagua mahali pakavu, pasipo na upepo."

Mkaguzi alibonyeza namba moja. Somo la kwanza lilieleza faida za kufuga kuku wa mayai. La tano lilihusu maji safi. Alitoa kisahani, akasoma maandishi, akakirudisha. Yule bwana akaendelea na vifaranga vyake, bila haraka. Kiwandani, siku moja miaka kumi na tisa iliyopita, mtu alichanganya kazi mbili: jina likachapwa la bendi, yaliyomo yakawa ya kuku.

Alipoinua uso aliona mabega ya dada yake yakitikisika. Alidhani analia, akasimama. Lakini dada alikuwa amefumba macho, kinywa wazi, kichwa nyuma. Alikuwa akicheka. Kitambaa cha kooni kiliruka na kushuka, kikaruka na kushuka, na pumzi ikatoka kwa mapigo mafupi. Sauti haikuwapo.

Binti naye alianza kucheka, kisha akaacha.

Dada alijifuta machozi, akavuta ubao. *Kumbe kuku nao ni toleo maalumu*, aliandika. Akafuta kwa kiganja, akaongeza: *Weka chai.*

Mkaguzi alipokuwa akikusanya vipande vya nailoni, kikaratasi cha ukubwa wa tiketi kilianguka kutoka kwenye kasha. Kiliwashukuru wanunuzi na kuwaarifu kwamba nakala yoyote yenye kasoro itabadilishwa bure, ikirudishwa ndani ya siku tisini. Alikisoma mara mbili, kama alivyozoea kusoma vipimo. Kisha akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati, wala hakumwonyesha mtu.

Kesho yake asubuhi aliwaandikia wakusanyaji wenzake kwenye kundi la simu. Aliwaeleza habari ya kuku, akauliza kama yupo mwenye nakala iliyofunguliwa. Pongezi zikamiminika. Walimwambia ameokota almasi, kwamba nakala yenye kosa la kiwandani ni adimu kuliko zote, kwamba ailinde na mwanga. Wawili walitaka kuinunua. Mwenye nakala iliyofunguliwa hakujitokeza. Waliojulikana kuwa nazo zisizofunguliwa walikuwa wawili, na mmoja wao, mwalimu mstaafu wa mji mwingine mwenye namba 112, ndiye peke yake aliyekubali kupigiwa.

Mkaguzi alieleza yote kwa mpangilio: bendi, homa ya mwimbaji mkuu, upasuaji, kuku. Hakuomba kisahani. Aliomba tu kifunguliwe na kupigwa mara moja karibu na simu, ili arekodi.

Mwalimu alikohoa. Alisema amesikitika, na ilisikika kwamba kweli amesikitika.

"Lakini Hakimu, wewe ndiye uliyetufundisha," alisema. "Iliyofungwa bado ina neno. Mimi nimeliandika kabatini kwangu."

"Najua."

"Na tuseme nikufungulie, nayo iwe ya kuku? Leo hii, ikiwa imefungwa, dada yako huenda yumo. Nikishaichana, labda hayumo. Utakuwa umempoteza mara mbili, na mimi nimepoteza mara moja."

Hoja ilikuwa imenyooka. Mkaguzi aliipima huku na huku, asione mahali ilipopungua. Aliiona pia sura ya dada yake siku ile aliposema "Haya", na sasa alitambua kwamba kile ambacho wakati ule alikiita kuelewa kilikuwa kukata tamaa.

Kwenye simu kulikuwa na mvumo mwepesi, na nyuma yake saa ya ukutani ya nyumbani kwa mwalimu.

"Niambie kitu kimoja," mwalimu alisema hatimaye. "Mimi sikuwahi kumsikia. Anaimbaje huyo dada yako? Nieleze sauti yake ilivyo. Sikuahidi, lakini nieleze."

Mkaguzi alifungua kinywa. Anaimba katika dakika nne na sekunde kumi na moja. Ana gitaa mbili na kinanda. Alivirudisha hivyo vyote kinywani, akatafuta mbali zaidi, nyuma ya bendi, hadi nyumba waliyokulia, chumba chenye dirisha moja na redio juu ya rafu. Dada yake alikuwa akiosha vyombo ng'ambo ya pazia na alikuwa akiimba. Kila siku alikuwa akiimba. Mkaguzi, mwenye umri wa miaka kumi, alikuwa amebandika sikio kwenye redio. Alisikia sufuria zikigongana. Alisikia maji. Kisha akasikia, wazi kuliko vyote, sauti yake mwenyewe ikivuka pazia: Dada, nyamaza kidogo, nasikiliza muziki.

Na baada ya hapo, sufuria tu.

"Bado upo?" mwalimu aliuliza.

"Nipo," alisema, akaibana simu sikioni zaidi. "Ngoja. Nipe muda kidogo."