Kusema Kabla ya Futi

Daktari alifunga faili, akasema kwa upole, "Siwezi ku-predict kama mzee atasema tena." Kisha akanyamaza. Ungedhani yeye ndiye aliyepigwa na kiharusi.

Mama alimgeukia binti yake, mwalimu wa Kiingereza. "Neno gani hilo? Nieleze vizuri, usinifunikie kombe."

"Kutabiri, Mama." Binti alikuwa na uchungu, na uchungu wake hugeuka somo; ndivyo walivyo walimu. "Limetoka Kilatini. Vipande viwili: kabla, na kusema. Kusema kabla."

"Kusema kabla!" Mama aliguna. "Mbona hiyo ndiyo kazi ya baba yako?"

Kweli bwana. Miaka yote ya cherehani, baba alikuwa na maringo yake: mteja akiingia anamtazama tu, anataja inchi za kifua chake, ndipo mama anapima kwa futi. Hakuwahi kukosea, na alijisifu mpaka majirani wakachoka. Sasa yuko hapo mbele yao, kitandani wiki kadhaa, mdomo umepinda, hata "maji" hasemi. Binti alikuwa ameshaanza kukata tamaa, ila hakumwambia mtu.

Mama akachomoa futi mkobani. "Daktari, mwanangu, hebu simama hapa mbele yake."

"Jamani, Mama, unatuaibisha!"

"Aibu haijaua mtu. Kitakachoniua mimi ni hiki kimya."

Daktari, masikini, akasimama. Mama alikunjua futi lakini hakupima. Alisubiri, kama dukani. Baba alimtazama kijana yule juu mpaka chini, midomo ikaanza kutetemeka. Binti alishika ukingo wa kitanda, akitamani kumsaidia, akajizuia.

"A... aro... arobaini."

Binti aliangua kilio palepale. Daktari naye alitaka kusema kitu, mama akamkataza kutikisika. Kazi ni kazi. Akamzungushia futi kifuani.

"Arobaini na mbili! Umekosea, mume wangu! Miaka yote hii, leo nimekupata!"

Baba alikunja uso, akanuna vilevile alivyokuwa akinuna dukani, mnuno ambao nyumba nzima ilikuwa imeukosa.

"Pima tena," akasema.

Mama akapima tena, ingawa kwa machozi yale hakuona hata namba moja.