Shimo la Skolastika

Jumanne, tarehe kumi na nne Novemba 1995, saa nne asubuhi, kule machimbo ya vito ya Tunduru, shimo lilimfunika mke wangu Skolastika. Magogo ya kuzuia udongo hayakuwapo. Bwana mkubwa mwenye kibali alisema magogo yanachelewesha kazi, tuchimbe kabla mvua haijakolea. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa, hata kufukiwa.

Wachimbaji tulikuwa na desturi: shimo likimla mtu, linaitwa kwa jina lake, ili anayeshuka ajue nani katangulia. Basi likawa Shimo la Skolastika. Mimi nikarudi Songea, nikalima mahindi mtaa wa Bombambili.

Miaka miwili baadaye gari likasimama mlangoni. Akashuka Dorine, binti wa hapa hapa mjini, na mama wa Kizungu mwenye kamera. Walitoka kampuni ya saa ya huko Ulaya.

"Shikamoo, baba. Tumemfuata Mama Skolastika."

"Marahaba. Yuko makaburini, mwanangu. Mnaweza kumsubiri, ila mtasubiri sana."

Dorine alisita kutafsiri. Akanionyesha kitabu chao chenye karatasi za kung'aa. Kilisema mawe yao ni halali, hayajamwumiza mtu, na shimo moja ni mali ya mwanamke. Walikuja kumpiga picha.

"Nani kawaambia ni lake?"

"Si linaitwa jina lake? Orodha yote ya mashimo iko hivyo. Shimo la Iddi, la Daimu, la Twaha…"

"Iddi tulimzika mwezi wa Ramadhani. Daimu hata hatukumpata. Twaha nilimbeba mwenyewe."

Yule Mzungu alipotafsiriwa hayo aliketi kwenye kinu changu. Akavua saa mkononi, akanipa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikaiweka sikioni: haikugonga kama saa za ukutani, ilinong'ona. Kwenye uso wake vijiwe kumi na viwili vya buluu. Nikauliza kipi kimetoka kwa mke wangu. Hakujua. Nikauliza tena, maana nilitaka kweli kujua. Nikavigeuza juani kimoja kimoja.

"Andikeni kwenye hicho kitabu kwamba amekufa," nikasema. "Sitaki kingine."

"Baba, tukiandika hivyo kampuni itaacha kununua kule. Wenzako watakula nini?"

Alisema kweli. Nina marafiki bado wanachimba kule. Lakini mke wangu hakuandikwa popote, si kwa polisi, si kwa bwana mkubwa. Mahali pekee alipoandikwa, ameandikwa kuwa ni mzima, tena tajiri.

"Andika," nikasema. "Halafu mdaini bwana mkubwa magogo."

Mzungu akaandika. Kisha akatoa karatasi mkobani, akaiweka juu ya kitabu: tamko la wenye mashimo kwamba hakuna aliyeumia. Mbele ya kila jina palikuwa na sahihi. Iddi. Daimu. Twaha. Sahihi ya Skolastika ilikuwa nzuri, imepinda kama ya mwalimu, na tarehe ya miezi mitatu tu nyuma.

"Huyu hakujua kushika kalamu," nikamwambia Dorine. "Hata ndoa yetu kanisani Peramiho aliweka dole gumba."

Dorine akatafsiri. Mzungu akageuza karatasi, akatazama nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Muulize," nikasema, "ni nani anayewatilia marehemu sahihi?"